Mitego haifii shambani, inafia depo

Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa ikipiga tu, fuko anaanza kusukuma udongo, asubuhi unafika shambani unakuta vichuguu vipya katikati ya viazi vitamu, njo unakumbuka kumbe uko na mitego. Unapanda darini, unateremsha ule mfuko uliofunga mwezi wa sita, unamimina chini, unaona vyuma vyekundu vimeshikana kama familia. Ilinipata. Mitego 14, iliyofunguka ilikuwa 3. Mjomba wangu aliangalia ile lundo akaniuliza tu, "Sasa wewe mwana, ulikuwa unaweka mitego ama ulikuwa unaizika?"

Tangu siku ile nimeuliza watu wengi hapa Goma, wa Majengo, wa Ndosho, wamama wenye mashamba Kibumba, mafundi wa Birere, na nimeona ushauri mingi ni bongo (uongo), tena bongo inayosemwa kwa uhakika sana. Naandika zile ninazosikia kila mara. Naongelea mitego ya panya wa nyumba na ya fuko wa shamba basi, ya kibao, ya meno, kasha la waya, na ile ya fimbo ya wazee wetu. Nyaya za kutega nyama ya pori siongelei, Virunga ni parki (hifadhi ya taifa) tangu 1925, huko hakuna msimu wala kuhifadhi, hizo nyaya zinatakiwa zitoke basi.

"Funga ndani ya sashe ya plastiki, hewa haitaingia, kutu haitakuja"

Hii njo imeniua mimi. Kutu inataka vitu viwili, maji na oksijeni, na sashe ukiifunga inabaki navyo vyote viwili ndani. Hewa uliyofungia ile siku ilikuwa na unyevu wake. Mchana bati linapata moto, usiku baridi ya huku juu (tuko karibu mita 1500, usisahau) inashuka, ule unyevu unageuka matone juu ya chuma, asubuhi unakauka kidogo, usiku unarudi tena, na hauna pa kutokea. Miezi mitatu ya mchezo huo inatosha. Na kama mtego uliingia na udongo wa shamba bado umeshika kwenye resori (springi), basi uliingiza na maji yako mwenyewe ndani.

Kinachofaa ni kitu kinachopumua. Gunia la katani, kikapu, kartoni kavu, ama misumari tu ukutani kila mtego unatundikwa wake, hazigusani. Kwa nyumba zetu za mbao ukuta wa ndani ni mzuri kuliko sakafu, sababu sakafu ya juu ya mawe ya volkano inaleta baridi na unyevu kutoka chini. Ukitaka lazima kitu cha kufunga, tumia bidoni (dumu) yenye kifuniko lakini mitego iingie imekauka kabisa na imepakwa mafuta, na uweke ndani vipande vya makala (makaa) uliyoipasha moto kwanza halafu ikapoa, makala kavu inavuta unyevu kiasi. Kuna mtu aliniambia niweke mchele. Mchele! Ndani ya bidoni ya mitego ya panya. Hiyo ni kuwaandikia mualiko.

"Kutu ni ya mvua, kiangazi haina shida"

Mtu anayekaa mbali na volkano anaweza kusema hivyo labda, mtu wa Goma hapana. Sisi tuko na jirani. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi hata kama hazijalipuka, kuna dioksidi ya salfa, kuna asidi ya kloridi, zikikutana na ukungu ama mvua ndogo zinakuwa asidi, na asidi inakula chuma na zinki. Uliza watu wa Rusayo na wa Sake upande ule upepo unapeleka moshi mara nyingi, watakuambia bati lao linadumu namna gani. Watu wanakumbuka volkano kwa 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021 tu, bati linakumbuka kila siku.

Kwa hiyo ule mtego unaotundikwa nje chini ya ukingo wa bati "kwa sababu ni kiangazi" unakula umande wenye asidi kila usiku, na mvua ya kwanza ikipiga, maji yanayoteremka kwenye bati yanabeba kila kitu kilichokaa pale juu miezi mitatu yakamwagia mitego. Weka ndani. Na kasha la waya lenye kupakwa zinki usidhani limepona, zinki njo ya kwanza kuliwa, ukiona waya umeanza kuwa na unga mweupe jua kazi imeanza, osha, kausha, paka mafuta.

"Paka vidanje, njo dawa ya chuma"

Vidanje, yaani mafuta yaliyotoka kwa moteri ya moto (pikipiki, kwa wale si wa huku) iko bure kila garaje, naelewa. Lakini yale mafuta yametoka kwa sababu yamechoka: yamebeba moshi wa moteri, maji kidogo, na asidi zinazotokana na kuungua kwa esanse (petroli). Kukinga yanakinga kiasi, siwezi kudanganya, ila yanakinga vibaya, yanashika vumbi yanakuwa ugali mweusi ndani ya resori, na kwa ngozi ni mabaya, mtu anayashika kila siku bila glavu anajitafutia kansa. Halafu utaenda kuweka huo mtego chini ya kitanda cha watoto?

Mafuta ya mawese nayo hapana. Hii wamama wanaipenda sana sababu haina harufu mbaya na iko jikoni tayari. Mafuta ya kupika yakikaa yanaganda na kuwa kama gundi, kile kichuma kinachoshikilia mtego kinakataa kuteleza, siku fuko anakanyaga mtego unafikiria kwanza. Na siafu wanakuja, panya wenyewe wanakuja kulamba, wanaguguna kibao chako bure bila kukamatwa.

Mafuta ya cherehani, ama mafuta mapya mepesi ya moteri, kitambaa kimoja, unapaka halafu unapangusa mpaka unaona kama hujapaka kitu. Chupa ndogo moja inatosha mitego yote ya nyumba miaka. Kabla ya kutega tena unaosha na maji moto na sabuni, kwisha.

"Choma kwa moto, kutu itatoka na harufu itaisha"

Nimeona hii kwa macho, mtu ametupa mitego yote ndani ya mbabula (jiko la makaa), makala nyekundu, anageuza kama mahindi. Kutu ilitoka kweli. Na resori ilikufa pale pale. Chuma cha resori kinapewa nguvu kwa moto na kupozwa kwa hesabu, ukikirudisha kwenye moto bila hesabu kinalegea, kikipita rangi ya bluu unaanza kupoteza ule ukali, kikifika nyekundu umebaki na waya wa kufungia mbuzi. Tena kama kina zinki, ile zinki inayeyuka kwa digrii 420 na ikizidi kupata moto inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta unalala na homa usiku.

Maji ya kuchemka ni hadithi nyingine. Digrii 100 haifanyi resori kitu. Watega manyoya wa Marekani na Kanada wanachemsha mitego yao kila mwaka, msimu wao ni wa baridi wakati manyoya ni mazito, kiangazi wanatengeneza vifaa. Wanachemsha na gome la miti ama maganda ya miti fulani yenye tanini, tanini ikikutana na chuma inaacha rangi nyeusi inayochelewesha kutu. Sisi tuko na majani ya chai, nayo yana tanini. Nilijaribu: majani ya chai yaliyokwisha kunyweka ya wiki nzima, sufuria ya zamani (ambayo haitarudi kupika, tafadhali), saa moja ya moto. Kwanza unasugua kutu na brosi ya chuma, halafu unachemsha. Ilitoka nyeusi-bluu hivi, nzuri kabisa. Haifanyi kazi kwa ile yenye zinki ambayo haijaliwa bado, na ya kibao usichemshe, mbao inavimba na misumari inatoka.

Hao hao wa Marekani wanachovya mitego ya meno kwa nta moto baada ya hapo. Ukijaribu na nta ya nyuki, yeyusha sufuria ndani ya sufuria yenye maji, kamwe usiiweke moja kwa moja kwa moto, inawaka kama petroli. Na ile mitego ya mraba inayofunga mwili mzima wa mnyama wenyewe wanaonya isichovywe nta, sababu inakuwa na utelezi, inafyatuka mkononi.

"Mimina javeli (jiki) uache ndani, wadudu wote watakufa"

Nusu ya hii ni kweli, njo maana inapendwa. Mtego uliokamata panya una mate, damu, mkojo, na mkojo wa panya unaweza kubeba leptospira (bakteria ya ugonjwa). Viroboto nao wanamuacha panya akianza kupoa wanatafuta mwili mwingine wenye moto, na sisi majirani wa Ituri ambako tauni bado inatokea hatuwezi kucheka na kiroboto. Kwa hiyo kuua wadudu, ndiyo, tena vaa glavu, ama sashe mbili mkononi kama glavu haiko.

Lakini javeli ni ya klorini, na klorini na chuma ni maadui. Ukiloweka mtego usiku kucha asubuhi utaona umegeuka rangi ya machungwa. Sabuni kwanza uondoe uchafu, halafu javeli iliyopunguzwa na maji, dakika 10, halafu maji safi mengi, halafu jua mpaka ikauke hata kwenye pembe za resori, halafu mafuta. Watu wanaruka ile ya maji safi. Na usisahau chumvi: kama unatega na samaki wadogo, ndagala kavu ama sambaza wa chumvi, ile chumvi inabaki pale palipokaa chambo, njo maana mitego mingi inatobokea sehemu ile moja.

"Acha imetegwa, resori isizoee kulala"

Kinyume kabisa. Resori iliyokazwa miezi mitatu haipati mazoezi, inachoka polepole, na kama kutu inachimba tundu dogo wakati chuma kimevutwa, ufa unaanzia pale. Iache imefyatuka. Kwa mitego ya fimbo ya wazee ndiyo hatari zaidi, fimbo mbichi ukiiacha imepindwa mpaka ikauke, inakauka na ile pinda, mwezi wa tisa ukiivuta hairuki tena. Babu alikuwa anafungua kamba zote, fimbo anazilaza juu ya mihimili, kamba anakunja peke yake anatundika. Tulikuwa tunaona ni utaratibu wa mzee tu.

Na sijasema bado juu ya watoto. Mtego uliotegwa ndani ya kartoni darini unamngoja yeyote atakayeingiza mkono.

"Kwa nini nibebe? Naiacha shambani, nitaikuta"

Kwanza hautaikuta, tuseme ukweli, chuma kina bei. Pili mutego haina konje (likizo). Wewe uko mjini unasukuma chukudu (gari la mbao la kusukuma mizigo), wenyewe uko kazini, unakamata kuku wa jirani, unakamata mguu wa mbuzi, unakamata mtoto aliyeenda kuokota viazi vilivyosahaulika. Hesabu wakati wa kutega na hesabu wakati wa kutoa, ulitega 14 utoe 14. Mimi nafunga kitambaa chekundu kwenye kijiti karibu na kila tundu, sababu majani yakiota huoni tena kitu.

"Usiiguse na mkono, panya atanusa mtu"

Hii nayo imetoka kwa wale wa manyoya, kwa mbweha kweli inahesabika, mbweha anaogopa harufu yetu. Panya wa Goma amezaliwa chini ya kitanda chako. Harufu ya mtu kwake ni harufu ya nyumbani. Anachoogopa panya mkubwa ni kitu kipya mahali pake, anakizunguka siku kadhaa kabla ya kukigusa, kwa hiyo ukitoa mitego darini usitege siku hiyo hiyo, iweke na chambo bila kutega, siku nne tano, azoee kula. Panya wadogo hawana hiyo shida, wenyewe wana udadisi.

Glavu vaa, ila vaa kwa ajili yako.

"Tundika juu ya mbabula, moshi unakausha"

Mama mmoja wa Katindo alinibishia sana juu ya hii na sikumshinda vizuri. Moto unakausha, kweli, mahindi ya mbegu yanatundikwa pale. Lakini pale pale sombe (majani ya muhogo) inachemka saa mbili na mvuke wote unapanda juu, na masizi yanayoshika kwenye chuma yananyonya ule mvuke yanaukalisha pale. Zaidi ya hayo ni kitu kilichoshika panya, kinaning'inia juu ya sufuria. Alijibu, "Sasa si niliiosha?" Nikasema sawa mama, kama uliiosha kweli, hamishia ukuta wa pili basi, mbali na sufuria. Alihamisha. Mpaka leo mitego yake ni mizima kuliko yangu.