Mwanachuo wa uuguzi na kazi ya kujifunza mwenyewe

Muuguzi aliyehitimu miaka ya 1990 akapangiwa Muheza, Tanzania, alitoka chuoni akijua kuwa dawa ya malaria ni klorokwini. Mwaka 2001 ikaondolewa, ikaja SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini. Mwaka 2006 SP nayo ikapisha dawa mseto. Yote hayo yamemkuta kazini, hana mkufunzi wa kumwandikia ubaoni.

Ndiyo maana wanachuo wa uuguzi wanahimizwa kujiongoza katika kujifunza. Mwaka 1975 Malcolm Knowles wa Marekani alizipanga hatua zake: tambua unachokikosa, jiwekee lengo, tafuta nyenzo, chagua njia, kisha jipime. Kwa maoni yangu, hatua ya kwanza ndiyo ngumu, maana wodini hakuna anayependa wenzake wajue kwamba hajui.

Chukua mwanachuo aliyeko mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya Bombo, Tanga. Anaambiwa dripu ya lita moja iishe kwa saa 8. Aliyekariri ataangalia mwenzake anafunguaje, naye afungue vivyo hivyo. Anayejiongoza atasoma kwanza pakiti ya mrija: matone 20 kwa mililita. Mililita 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, anapata kama matone 42 kwa dakika. Anatoa saa, anahesabu. Jioni anajiuliza: na ule mrija wa watoto, wa matone 60? Akikokotoa atagundua kwamba hapo idadi ya matone kwa dakika ni sawasawa na mililita kwa saa. Jambo ulilolifumania mwenyewe hivyo halikutoki kichwani.

Madesa ya WhatsApp sina ugomvi nayo, ila angalia yaliandikwa lini. Mengi bado yanasema uchungu wa kujifungua unahesabiwa umeshika kasi njia ikifunguka sentimita 4, wakati Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasema 5. Ukikuta tofauti kama hiyo, usibadilishe huduma kwa uamuzi wako. Muulize msimamizi wa wodi wanafuata mwongozo upi.

Sisi wakufunzi nasi tupunguze haraka ya kujibu. Mwanachuo akiuliza kwa nini mgonjwa wa moyo anapewa dripu taratibu, mwulize yeye anadhani kwa nini, mpe hadi kesho, na kesho usisahau kumuuliza. Hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Wazazi nao hulalamika: ada tumelipa, kwa nini mtoto aambiwe akajisomee? Hoja yao ina uzito pale mkufunzi anapotumia maneno hayo kukwepa kipindi. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza anahitaji kushikwa mkono zaidi kuliko wa mwaka wa tatu, na wote wawili wakimchoma mgonjwa sindano lazima msimamizi awe pembeni. Uhuru tunaousema hapa ni wa kuuliza, kutafuta na kujipima.