Lidi bora ni ipi? Kwa anayeanza afilieti kwenye utalii wa Arusha na Moshi

Afilieti ni kazi ya kumtangazia mtu biashara yake mtandaoni kwa kamisheni. Wapo wanaokulipa mauzo yakishafanyika, na wapo wanaolipa kwa kila lidi, yaani mtu aliyeacha jina na namba ya simu au barua pepe akieleza kwamba anahitaji huduma. Malipo ya lidi huwavutia wanaoanza kwa kuwa hawasubiri mteja atoe pesa. Ila ugomvi mwingi huanzia hapohapo, maana kampuni hailipii kila jina. Inalipia lile lenye dalili za kuwa mteja kweli, na dalili hizo ndizo zinazoitwa ubora wa lidi.

Chukua maombi mawili yanayoingia kwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani pale Moshi. La kwanza: "Kilimanjaro bei gani?" La pili: "Tuko wanne, tunatua KIA tarehe 12 Septemba, tunataka njia ya Machame siku 7, mmoja wetu hali nyama." Huyu wa pili ameshakata shauri, anatafuta wa kumpeleka tu. Wa kwanza si mbaya, huenda akaiva, lakini mtu wa mauzo anaweza kuandikiana naye wiki nzima bila kujua kama hata nauli ya ndege anayo.

Wanaoanza huogopa zaidi roboti na namba za uongo. Zipo, lakini huchujwa haraka: simu haipatikani, barua pepe inarudi. Zinazosumbua ni lidi za watu wa kweli walioitwa vibaya. Ukitangaza "jaza fomu ushinde simu", utapata fomu tele za watu wanaotaka simu. Ukiandika "panda Kilimanjaro kwa bei chee", utawaleta watakaotoweka wakisikia kwamba ada za hifadhi huhesabiwa kwa kila siku mgeni anayokaa mlimani. Na ukipamba tangazo la Machame kwa picha ya vibanda vya njia ya Marangu, wakati Machame watu hulala kwenye mahema, mgeni ataona ametapeliwa kabla hajalipa hata senti. Lidi mbovu nyingi, kwa maoni yangu, hutengenezwa na tangazo lenyewe. Taja bei ya kuanzia, uliza tarehe ya safari na idadi ya watu. Fomu zitapungua, na zipungue tu.

Arusha wanamjua flaikacha, yule anayemvuta kila mgeni mwenye begi hadi mlangoni mwa ofisi. Mwenye kampuni akishachoka naye, hata siku akileta mgeni wa maana hupokelewa kwa mashaka. Afilieti naye humkuta hayohayo, tofauti ni kwamba yeye hufungiwa akaunti bila hata kuonana na mtu.

Hata hivyo kampuni nazo si malaika. Mgeni aliyeomba bei Jumamosi akajibiwa Jumatano huenda ameshalipia kwingine, halafu afilieti anaambiwa lidi yake ilikuwa bure. Kwa hiyo kabla ya kuanza, pata kwa maandishi: lidi hukataliwa kwa sababu zipi, nani anaamua, ndani ya siku ngapi, na mtu mmoja akiletwa na maafilieti wawili analipwa nani. Kampuni isiyotaka kuyaandika hayo, ipite.

Halafu kuna hizi namba zinazozolewa kwenye magrupu ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kihalali na kwa lengo linaloeleweka. Namba ya mtu ambaye hakuomba kupigiwa si lidi, hata kama ana hela na mlima anaupenda. Atakachouliza kwanza ni "namba yangu umeitoa wapi?", na mtu wa mauzo hatasita kukutaja wewe.