Goti likichanika ligamenti, mchezaji arudi lini? Yanayosemwa vijiweni Moshi na ukweli wake

Moshi mchezaji akiumia goti Jumapili, Jumatatu asubuhi kijiwe kimeshampangia tarehe ya kurudi. Majengo watasema wiki tatu, Pasua watasema mwezi, na yule anayefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza atasema miezi sita kamili, haipungui haizidi. Hakuna hata mmoja aliyeligusa goti lenyewe. Mimi nafundisha vijana mpira, na hili linaniuma kweli, kwa sababu anayelipa gharama ya hesabu hizo ni kijana wa miaka 19 anayetoneshwa jeraha kabla halijapona.

Jeraha ninalolizungumzia ni kuchanika kwa ligamenti ya mbele iliyo ndani ya goti, ile inayotajwa sana kwa herufi tatu, ACL. Ni ukanda mfupi ulio katikati kabisa ya goti, umeshikilia mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Unazuia muundi usiteleze kwenda mbele, na unalituliza goti pale mchezaji anapogeuka ghafla au anapotua baada ya kuruka kichwa. Mtu anaweza kutembea bila ligamenti hiyo. Kumkata beki kwa kasi ndiko kunakokuwa shida.

"Mangi, eksirei iko safi, umeteguka tu"

Eksirei inapiga picha ya mifupa, ligamenti haionekani humo. Ndiyo maana kijana anatoka hospitali na picha yake mkononi, mfupa mzima, kila mtu anapumua. Baada ya wiki mbili tatu uvimbe unashuka, anatembea vizuri, anapanda hata ngazi. Anaingia mazoezini, anageuka mara moja tu, goti linamwacha, anaanguka peke yake.

Kuna maswali mawili ambayo kocha yeyote anaweza kuuliza palepale uwanjani. Ulisikia kitu kimelia ndani ya goti, kama kimekatika? Na goti limevimba ndani ya saa chache, au lilisubiri mpaka kesho yake? Uvimbe unaokuja haraka namna hiyo mara nyingi ni damu inayovuja ndani ya kiungo, na hapo usimwambie mtu akapumzike wiki mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifupa. Daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba mwenye uzoefu anaweza kuligundua jeraha kwa mikono yake: analikunja goti kidogo, mkono mmoja unashika paja, mwingine unavuta muundi kuja mbele, kisha analinganisha na goti zima. MRI, picha ya mashine inayoonyesha hata ligamenti, inakuja kuthibitisha na kuonyesha kama menisko, vile vipande viwili vya gegedu vinavyokaa kati ya mifupa, navyo vimepasuka. Sisi wa Kilimanjaro tuna KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo pia inasomesha wataalamu wa mazoezi tiba. Mtu wa Moshi kukaa mwaka mzima na goti lisilojulikana lina nini ni jambo linalonisikitisha sana.

Kuhusu kuchua, nasema wazi: goti lililovimba leo si la kunyooshwa kwa nguvu leo, wala si la kukandwa kwa maji ya moto. Likiwa limekwama halinyooki, huenda kipande cha menisko kimebanwa ndani, na kulilazimisha ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, mguu uinuliwe, magongo, kisha hospitali.

"Hakuguswa, anajifanya"

Nyingi ya ligamenti hizi zinachanika bila mtu kuligusa goti. Mchezaji anakimbilia mpira kumbana mpinzani, anakanyaga kubadili uelekeo, mguu unabaki chini, mwili unazunguka. Wachezaji wa kike wako kwenye hatari mara mbili hadi tatu kuliko wa kiume, na si kwa uzembe wao. Alexia Putellas wa Hispania, akiwa mshindi wa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, alichanika mazoezini Julai 2022, siku moja kabla ya Euro ya wanawake kuanza. Alirudi uwanjani Aprili 2023.

"Ibra alirudi kwa miezi saba, tena mzee"

Hii ndiyo inayotumika kuwaaibisha vijana. Ni kweli Zlatan Ibrahimović wa Manchester United aliumia Aprili 20, 2017 dhidi ya Anderlecht, akaingia tena uwanjani Novemba 18 mwaka huohuo dhidi ya Newcastle, akiwa na miaka 36. Ni kweli pia kwamba Roberto Baggio alirudi mwaka 2002 baada ya siku 77 tu. Lakini kijiwe kinachagua mifano yake. Mbona hawamtaji Neymar? Aliumia Oktoba 17, 2023 akiichezea Brazil dhidi ya Uruguay, ligamenti pamoja na menisko, akarudi Oktoba 21, 2024, mwaka mzima na siku kadhaa. Mechi yake ya pili tu akaumia tena, safari hii msuli wa nyuma ya paja. Goti lililochanika ligamenti peke yake na goti lililochanika na menisko hayaendi kwa kalenda moja, hata kama wenye nayo wanalipwa sawa.

Halafu kuna Ronaldo wa Brazil. Lake halikuwa ligamenti hii, ilikuwa kano (kamba inayoshika msuli kwenye mfupa) ya chini ya kifuniko cha goti, iliyoumia akiwa Inter ya Italia Novemba 1999. Alirudishwa Aprili 12, 2000 kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Akacheza dakika chache tu, akakunja mguu kumpiga chenga beki, kano ikakatika kabisa. Safari ya pili ilichukua zaidi ya mwaka. Aliyepewa muda huo ndiye aliyefunga mabao 8 kwenye Kombe la Dunia la 2002.

UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilifuatilia klabu zake kubwa kwa miaka 15. Wachezaji waliochanika ligamenti hii walirudi mazoezini na wenzao baada ya miezi 6.6, wakacheza mechi baada ya miezi 7.4, kwa mchezaji wa katikati ya orodha. Miaka mitatu baadaye, asilimia 65 ndio waliokuwa bado wanacheza kwenye kiwango cha juu. Hao ni watu wenye mtaalamu wa mazoezi tiba kila siku, bwawa, mpishi na mashine za kupima nguvu ya paja. Winga wetu anakwenda kliniki mara moja kwa wiki kama nauli ipo, na siku nyingine anaendesha bodaboda, akiutupa mguu chini kuishikilia pikipiki kila anaposimama. Kumpa miezi ileile ya mchezaji wa Manchester ni kumdhulumu.

"Hana maumivu, anakimbia, amepona"

Hapa ndipo vijana wengi wanapopotelea.

Kwenye operesheni, kwa kawaida daktari haishoni ile ligamenti iliyochanika. Mara nyingi anachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mguu wa mchezaji mwenyewe, nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti, anaipitisha kwenye matundu aliyotoboa kwenye mifupa, na kuibana. Siku hiyo kano ni imara. Lakini imekatwa kwenye damu iliyokuwa ikiilisha, kama mche wa mgomba uliohamishwa shamba: umesimama, ila haujashika. Mwili unaanza kuivunja na kuijenga upya, mishipa midogo ya damu inaingia taratibu, na katika kipindi cha kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu hivi kano hiyo huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya operesheni. Kujengwa kwake kunaendelea mwaka mzima na zaidi.

Sasa angalia kalenda ya kijana mwenyewe. Ni kipindi hichohicho magongo yameshawekwa, uvimbe umekwisha, kidonda kimefunga, anaenda sokoni Kiboriloni na kurudi bila kuchechemea. Anajisikia mzima wakati kano yake ndiyo iko hoi. Maumivu hayakuambii chochote kuhusu kano hiyo. Vidonge vya kutuliza maumivu na dawa ya kupuliza ndivyo kabisa, vinaficha hata kile kidogo ambacho goti lingesema.

Kinachosema kweli ni paja. Mkalishe mchezaji pembeni ya uwanja, miguu imenyooka. Pima sentimita 15 kutoka juu ya kifuniko cha goti, weka alama ya kalamu kwenye kila mguu, kisha zungusha futi ya fundi cherehani kwenye alama. Upande ulioumia mara nyingi utakuwa mwembamba, na ukimwambia akaze msuli utaona ule wa juu ya goti, upande wa ndani, umelegea wakati mwenzake umesimama. Msuli huo ndio breki ya goti. Anayeishi Kibosho au Marangu ana kipimo kingine bure: kushuka. Mlima wa kupanda unachosha pumzi, lakini mteremko ndio unaolidai paja, kwa kuwa kila hatua ni kuuzuia mwili usiporomoke. Mtazame akishuka njia ya migombani. Kama kila penye tuta anatanguliza mguu ulioumia ili mguu mzima ubaki nyuma ukifanya kazi ya kumshusha, bado.

"Miezi tisa imetimia, mpe jezi"

Hawa angalau wamesikia kitu. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Norway na Marekani, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa kila mwezi mchezaji anaosubiri kabla ya kurudi, mpaka itimie miezi tisa baada ya operesheni, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena goti kwa takriban nusu. Mwezi mmoja, nusu nzima. Ukijua hilo, fainali ya ndondo ya mtaa haiwezi kuwa sababu ya kumrudisha mtu akiwa na miezi saba tu.

Ila tisa ni mwanzo wa kufikiriwa. Kufika tu hakumpi mtu jezi. Mchezaji anapimwa. Kipimo ambacho hakihitaji hospitali ni kuruka kwa mguu mmoja, mara tatu mfululizo kwenda mbele, atue asimame wima. Pima kwa tepu kutoka kwenye mstari. Mguu mzima ukifika mita 5.40 na ulioumia mita 4.50, hiyo ni asilimia 83, na wataalamu wengi wanataka angalau 90. Hata ukipata 90 usishangilie haraka, kwa sababu mguu mzima nao umelegea kwa kukaa miezi bila mpira, na kulinganisha na mguu uliolegea kunadanganya. Angalia namna anavyotua: goti likiingia ndani kuelekea goti jenzake, hatari ileile iliyomchana inamsubiri. Na muulize kama anaogopa. Mchezaji anayeogopa kuingia kwenye mpira wa hamsini kwa hamsini hajarudi, na kumkaripia hakutamrudisha.

Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa kati ya wanamichezo wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne anachanika tena, goti lilelile au la pili. Huo ndio umri wa wachezaji wetu wote.

"Operesheni ndiyo tiba, mazoezi ni ya kupitisha muda"

Sweden walichukua vijana 121 waliochanika ligamenti hii, wengine wakafanyiwa operesheni mapema, wengine wakaanza na mazoezi tiba huku mlango wa operesheni ukiwa wazi. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo mawili zilikuwa karibu sawa, na baada ya miaka mitano karibu nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Mchezaji anayetaka kurudi kwenye mpira wa ushindani mara nyingi atashauriwa operesheni, na hilo ni la kukaa na daktari wake. Lakini familia inayochangishana fedha isidhani miezi ya kusubiri imepotea bure. Goti linaloingia chumba cha operesheni likiwa halina uvimbe, linanyooka mpaka mwisho na paja lina nguvu, linapona vizuri zaidi. Asichopaswa kufanya katika kusubiri ni kucheza. Kila goti linapomwacha, menisko iko hatarini.

"Goti likichanika, mpira basi"

Wazazi ndio husema hivi, kwa uchungu, na wapo wachezaji wanaoacha kwa kusikia neno hilo tu. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kutolewa mwaka 2014 zilionyesha kuwa karibu asilimia 81 ya waliofanyiwa operesheni walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, 65 kwenye kiwango chao cha awali, na 55 kwenye mashindano. Si wote. Lakini ni wengi mno kumwambia kijana avitoe viatu vyake sadaka.

Anaporudi, anarudi kwa ngazi: kwanza mazoezi bila kugusana, kisha ya kugusana, kisha dakika 20 za mwisho za mechi ya kirafiki, kisha kipindi kimoja. Goti likivimba kesho yake, anashuka ngazi moja. Yale mazoezi ya FIFA ya kupasha mwili, yanayoitwa 11+, yanachukua kama dakika 20, hayataki mashine, na timu nzima inaweza kuyafanya kila siku ya mazoezi. Ya paja anaendelea nayo hata akishaanza kupangwa, kwa sababu miaka miwili ya kwanza baada ya kurudi ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena.