Dipoziti Haikaliwi

Alhamisi iliyopita, saa kumi na moja jioni, dada mmoja alinipigia simu akiwa getini kwao Bamburi. Nyuma yake kanta, lori la kuhamia, imeshapakiwa: kitanda, friji, magunia ya nguo, mtungi wa gesi juu kabisa umefungwa kwa kamba ya manila. Mbele yake geti limetiwa kufuli, na soja anamwambia hawezi kufungua mpaka keteka, mwangalizi wa nyumba, alete karatasi. Keteka hapokei simu. Dereva wa kanta anahesabu masaa kwa sauti ili kila mtu asikie. Nikamuuliza swali ninalowauliza wote kwanza: kodi ya mwezi huu umelipa?

"Sijalipa, wakili. Nimekalia dipoziti."

Nikafumba macho.

Mwaka huu sijui huyu ni wa ngapi. Kila anayehama nyumba hapa Mombasa ana shemeji, au mtu wa saluni, au mwenzake wa kazini aliyemfundisha kwamba mwenye nyumba harudishi dipoziti hata kwa dawa, kwa hivyo mwezi wa mwisho usilipe, mwambie akate hukohuko. Wanaisema kama sheria. Wengine wananiambia mimi, wakili, kwamba ni sheria. Basi leo naandika mara moja, na atakayenipigia simu tena kutoka getini nitamtumia hii kabla sijamwambia salamu.

Dipoziti si kodi uliyotanguliza. Ni pesa yako iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Ameishika iwe dhamana: ukivunja sinki, ukiacha bili ya maji, atajikatia humo na kinachobaki akurudishie. Maana yake, siku zote unazoishi mle ndani wewe ndiye unayemdai. Sasa tarehe ya kodi ikifika ukanyamaza, mmebadilishana viti. Na hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu watu hawalioni: deni la kodi si deni kama mengine.

Ukivunja sinki, mwenye nyumba akitaka pesa zaidi ya dipoziti, hana njia ila akushtaki na athibitishe. Alete fundi, alete risiti, aapishwe, aulizwe maswali. Lakini ukiwa na deni la kodi, ipo sheria ya enzi za mkoloni, Sura ya 293, ya kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi. Kwa nyumba nyingi tunazokaa, sheria hiyo inamruhusu amtume dalali mwenye leseni aje aandike vyombo vyako bila kuanzia mahakamani. Friji, televisheni, kochi. Sinki lililopasuka halileti dalali mlangoni. Kodi humleta. Kwa hivyo ukikalia dipoziti, ile fimbo moja ambayo mwenye nyumba hakuwa nayo umemkatia mwenyewe, umeichonga, ukampa.

(Nimesema dalali mwenye leseni. Keteka akiwa na bisibisi si dalali. Mpwa wake mwenye nyumba pia si dalali. Na kung'oa mlango au paa ili utoke ni kosa hata kama unadaiwa mwaka mzima.)

Haya, kuna njia moja ya kukalia dipoziti bila madhara: akubali. Kwa maandishi. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha: "Mzee, nimetoa notisi, naomba kodi ya mwezi wa mwisho itoke kwenye dipoziti." Akijibu "sawa", umemaliza, usifute ujumbe huo hata ukibadilisha simu. Ukinyamaza na yeye akanyamaza, hakuna makubaliano hapo, kuna watu wawili walionyamaza.

Sasa nikiri. Wengi wanaokalia dipoziti hawapatwi na lolote. Mwenye nyumba anafoka, anahesabu, anaona kumtafuta dalali ni gharama, mambo yanakwisha. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi Nairobi nilifanya hivyohivyo na sijawahi kuona aibu, maana mwenye ploti ile alikuwa hajamrudishia mtu hata shilingi tangu ajenge. Mtu akija ofisini akaniambia wapangaji watano kabla yake walihama mikono mitupu, namwambia alipe kodi, kwa sababu ndiyo kazi yangu kumwambia. Moyoni sina hakika. Sheria inamtaka alipe kwanza halafu adai. Maisha yanamwambia akishalipa hatapata. Nikisema sioni ubaya wa hesabu yake nitakuwa naongea kama mpangaji, si kama wakili, lakini ndivyo ilivyo.

Turudi kwa dada wa Bamburi, kwa sababu bado hajafunguliwa geti. Nikampigia mwenye nyumba. Mzee mpole, salamu ndefu, akauliza mpaka habari za watoto ambao sina. Kisha akanitumia picha ya hesabu. Kupaka rangi 14,000. Kusafisha 3,000. Kitasa 2,500. Mfereji wa jikoni 1,800. Jumla 21,300. Dipoziti ilikuwa 18,000, kwa hivyo, kwa hesabu ya mzee, dada ameila yote na bado anadaiwa 3,300, tena kodi ya mwezi haijaguswa. Risiti ilikuwa ya kile kitabu cha shilingi hamsini, haina jina la duka, na baadaye niliujua mwandiko: ni wa keteka.

Hapa kwenye rangi ndipo ninapotaka kukaa, maana hii ndiyo imani ya upande wa pili, na inanikera sawasawa na ile ya kwanza. Wenye nyumba wameamini kwamba dipoziti ni bajeti yao ya rangi. Mpangaji akitoka, rangi. Awe amekaa miezi minane au miaka minane, rangi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 66, inasema mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa pale ilipochakaa kwa matumizi ya kawaida, na inaendelea kumwondolea lawama ya tufani, radi, tetemeko na hata volkano. Kwa hivyo Bamburi ikilipuka volkano, dada huyu hadaiwi. Ila kwa ukuta uliofifia anadaiwa 14,000.

Dada alikaa miaka minne. Nyumba iko hatua chache kutoka baharini, madirisha ya luva yanaangalia upepo wa kusi. Anayeishi Pwani anajua chumvi inavyofanya kazi. Bawaba za mlango zinashika kutu mwaka wa kwanza. Rangi inaanza kutoa unga chini ya dirisha, kisha inavimba kama andazi, kisha inabanduka vipande ukipitisha mkono. Hakuna mpangaji aliyefanya hivyo. Amefanya bahari. Mfereji wa jikoni ulikuwa unavuja kwa sababu maji ya kisima cha ploti yana chumvi yanakula shaba. Kitasa nacho ni hivyohivyo, funguo inagoma mpaka upulizie mafuta. Kati ya vitu vinne vya mzee, ningekubali kimoja, kusafisha, tena si kwa 3,000, maana jiko lilikuwa na moshi wa miaka minne wa kukaanga samaki na hilo hata mimi ningelisema.

Mstari uko wapi basi? Ukuta uliofifia ni uchakavu. Tundu kumi na mbili za misumari ya televisheni ni zako. Alama za mikono ya mtoto kwenye korido, hapo ndipo mawakili tunapopatia riziki. Nimeona hesabu mbili zikienda pande mbili tofauti na siwezi kukuapia itakavyokuwa. Rangi ya zambarau uliyopaka chumba cha kulala kwa sababu uliiona mtandaoni ni yako, wala usibishane.

Lakini soma mkataba. Mikataba mingi ya hapa ina mstari unaosema mpangaji akitoka atapaka vipako viwili vya rangi ileile, wakati mwingine mpaka kampuni ya rangi imetajwa. Ukishatia sahihi mstari huo, hoja ya chumvi inapoteza nguvu sana. Dawa yake ni kupaka mwenyewe kabla ya kukabidhi ufunguo: fundi wako, rangi yako, risiti ya dukani yenye jina la duka. Karibu kila mara inatoka nafuu kuliko fundi wa mzee. Na kama ulipoingia haikuwa imepakwa, ungekataa mstari huo siku ile. Najua hukukataa. Hakuna anayekataa, mtu ana ufunguo mkononi na kanta nje.

Nikamuuliza dada kama alipiga picha alipoingia. Hakupiga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari liko mfukoni lina kamera. Siku ya kuingia zunguka na video: kuta, mifereji ikiwa wazi, choo kikivuta maji, namba kwenye mita. Mtumie mwenye nyumba palepale, ili simu zote mbili ziwe na tarehe moja. Siku ya kutoka rudia. Ukifika mahakamani kuna cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachohitajika, ni karatasi moja, isikutishe.

Notisi, kwa haraka, kwa sababu hapa wapangaji ndio mnaokosea. Kama unalipa kila mwezi na mkataba hausemi vingine, kifungu cha 57 cha Sheria hiyohiyo ya Ardhi kinataka notisi isiyopungua mwezi, na iishie siku ya kulipa kodi. Ukitoa tarehe 10 Mei wakati kodi ni tarehe mosi, notisi yako haiishi tarehe 10 Juni. Inaishia tarehe mosi Julai, na Juni utailipa nzima. Mzee akikwambia hivyo hakuonei.

Ukishatoka kwa usalama, umelipa, umekabidhi ufunguo, na bado haurudishiwi? Lipo Baraza la kodi za nyumba, linaloamua ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba, ila kiwango chake ni kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na nikipata nyumba ya 2,500 Mombasa nitahamia mimi. Waliobaki, nendeni Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza mpaka shilingi 1,000,000, sheria inataka hukumu ndani ya siku 60, na hulazimiki kuwa na wakili. Ndiyo, najiharibia biashara.

Ila angalia unavyoandika dai lako. Mahakama hiyo haigusi ugomvi wa nani amiliki au akalie ardhi, na wakili wa mwenye nyumba atasimama dakika ya kwanza aseme hii ni kesi ya pango, ni ya ardhi, itupwe. Wateja wangu huwa wanamsaidia: wanaandika kurasa tatu za choo kilichoziba na kelele za jirani. Andika pesa. Nilimpa kiasi hiki, tarehe hii kwa M-Pesa, namba ya muamala hii, ashike, nimetoka tarehe hii, hajarudisha. Pesa iliyopokewa na kushikiliwa ni dai ambalo sheria ya mahakama hiyo imelitaja waziwazi. Hata hivyo nimewahi kwenda na hoja hii nikashinda, na nimewahi kwenda nayo hiyohiyo nikaambiwa nimekosea mlango. Na ukimlipa ajenti, mshtaki ajenti pamoja na mwenye nyumba, wasije wakarushiana wewe ukiwa katikati.

Bamburi nilifika saa moja usiku. Soja alikuwa ameketi kwenye ndoo, dereva ameongeza 1,500. Nilishamweleza mzee kwamba kufungia vyombo ndani ya geti si kukamata mali kwa mujibu wa sheria yoyote, naye akaniambia nimpigie polisi basi, tukijua sote wawili kwamba kituoni wangetujibu hiyo ni kesi ya madai, njooni kesho. Kilichomlainisha si sheria. Ni mpangaji mpya aliyekuwa anaingia Ijumaa asubuhi. Chumba kikiwa na kanta mlangoni hakiingiliki.

Tukaandikiana ujumbe, mimi, yeye na dada: dipoziti inalipa kodi ya mwezi huu, na ile hesabu ya rangi kila mmoja anabaki na msimamo wake. Geti likafunguliwa saa moja na dakika arobaini.

Ndiyo, naona. Mwishowe dipoziti ndiyo iliyolipa kodi, kama alivyosema mtu wa saluni. Msinicheke. Imemgharimu masaa karibu matatu, 1,500 za dereva na ada yangu, kwa jambo ambalo lingeisha kwa neno "sawa" wiki nne kabla.

Jana mzee amenitumia picha. Sebule imepakwa, krimu ileile, na chini ya dirisha unga umeshaanza kujitokeza. Mpangaji wa Ijumaa hakuja. Ananiuliza kama namjua mtu anayetafuta nyumba. Dipoziti miezi miwili.