Ubora wa uhusiano wa ndugu: inategemea umemuuliza nani

Wali umeisha, na wasichana wawili wanagombea ukoko uani. Mkubwa kashika sufuria, mdogo kashika kijiko na anapiga kelele: "Mama, kachukua wote!" Muulize mama kama wanawe wanapatana, atakwambia hawa ni paka na panya. Mkubwa atasema wako sawa tu. Mdogo atasema anaonewa.

Katika saikolojia, ubora wa uhusiano wa ndugu ni namna watoto wa nyumba moja wanavyoishi wao kwa wao: wanapendana kiasi gani, wanagombana kiasi gani, nani anamwamrisha nani, na kama wanashindania upendo wa wazazi. Mgawanyo huo wa pande nne unatokana na dodoso ambalo wanasaikolojia Wyndol Furman na Duane Buhrmester walilichapisha Marekani mwaka 1985. Faida yake kubwa ni kwamba mapenzi na ugomvi hupimwa kila kimoja peke yake. Watoto wanaweza kupigana kila jioni na bado wakawa chanda na pete, hasa wakiwa wamefuatana kwa karibu, maana hao ndio hugombana zaidi.

Hapo ndipo wazazi wengi hujichanganya. Mzazi hupima kwa masikio, na kelele ndizo zinazomfikia. Wawili wasiosemezana wiki nzima hawamsumbui, kwa hiyo anawaona watoto wazuri, ingawa kimya chao huenda ni cha watu waliochokana. Ile methali ya ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime huwaonya majirani tu; mzazi mwenyewe haimwambii kitu.

Upendeleo nao kila mtu huusoma kwa jicho lake. Mama anajua amenunua viatu vya mmoja kwa sababu vya mwenzake bado vizima. Mtoto akiielewa sababu hiyo, mara nyingi hana kinyongo. Asipoelezwa, viatu vile hugeuka ushahidi. Ndiyo maana watafiti hawatosheki na maelezo ya mzazi mmoja. Humuuliza kila mtoto peke yake, baba na mama nao kila mtu kivyake, na wengine huketi nyumbani kutazama. Mwanasaikolojia Judy Dunn alifanya hivyo huko Cambridge, Uingereza, miaka ya 1980, akaona kwamba hata mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili anajua kumbembeleza nduguye anayelia, na anajua pia kumchokoza pale panapouma.

Kwetu ningeongeza shahidi mmoja ambaye madodoso humsahau: bibi anayelala chumba kimoja na wajukuu. Wale wa ukoko, bibi yao anajua kwamba mdogo akitaka kwenda chooni usiku humgusa mkubwa begani, naye huamka, akatafuta ndara gizani, wakatoka wote wawili bila kusema neno.