Watu wa Kwanza Bara la Amerika: Yanayosemwa na Yaliyofukuliwa

Dhana: Columbus aligundua Amerika mwaka 1492.
Hili halihitaji maneno mengi. Alipotia nanga alikuta wenyeji, na mababu zao walikuwa wameishi huko maelfu ya miaka.

Dhana: Wa kwanza walikuwa watu wa Clovis, miaka 13,000 hivi iliyopita.
Ndivyo ilivyofundishwa kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Miaka ya 1930, karibu na mji wa Clovis, New Mexico, zilifukuliwa ncha za mikuki za mawe, zilizochongwa kwa ustadi mkubwa, pamoja na mifupa ya mamothi, wanyama wakubwa wa kale wa jamii ya tembo. Aliyedai umri mkubwa zaidi ya huo alipuuzwa.

Kisha ikaja Monte Verde, kusini mwa Chile, ambako mwanaakiolojia Tom Dillehay alianza kuchimba mwaka 1977. Udongo wa kinamasi ulikuwa umehifadhi hata vitu vinavyooza: mbao za vibanda, vipande vya ngozi, kamba zenye mafundo, mwani wa baharini. Vipimo vilitoa miaka kama 14,500. Alipingwa muda mrefu, hadi mwaka 1997 kundi la wataalamu, wakiwemo waliokuwa na shaka, lilipofika kujionea na kukubali.

Lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni nyayo za White Sands, New Mexico, zilizotangazwa mwaka 2021. Jiwe unaweza kulibishania: limechongwa na mtu, au limevunjika lenyewe? Unyayo wa binadamu hauna ubishi huo, na nyingi hapo ni za watoto na vijana waliotembea kando ya ziwa la kale. Mbegu za mmea wa majini kutoka tabaka za juu na chini ya nyayo zilipimwa umri kwa kaboni iliyomo ndani yake: miaka 21,000 hadi 23,000. Wapinzani wakasema, na walikuwa na hoja, kwamba mmea wa majini unaweza kufyonza kaboni kongwe iliyoyeyuka ndani ya maji, ukaonekana mzee kuliko ulivyo. Basi watafiti wakapima chavua ya miti ya nchi kavu, na chembe za madini ya kwatzi (quartz) zinazoonyesha ziliona mwanga lini mara ya mwisho. Mwaka 2023 majibu yalitoka, na umri ulikuwa uleule.

Dhana: Walipita kwa miguu katikati ya barafu ya Kanada.
Nchi kavu kati ya Siberia na Alaska ilikuwepo kweli, tambarare pana kuliko kilomita 1,000. Ila njia kati ya barafu mbili za Kanada ilifunguka kwa kuchelewa mno kuweza kueleza Monte Verde, sembuse White Sands. Ndiyo maana wataalamu wengi sasa wanaona kwamba watu wa kwanza walipitia pwani ya Pasifiki. Tatizo ni kwamba bahari enzi hizo ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na sehemu kubwa ya pwani yenyewe leo imezama, pamoja na ushahidi wowote uliokuwepo.

Dhana: Fuvu la Luzia linathibitisha Waafrika walitangulia.
Hili linasambazwa sana kwetu, na naelewa kwa nini linapendwa. Fuvu hilo, la mwanamke wa kale aliyepewa jina la Luzia, lilifukuliwa Lagoa Santa, Brazili, miaka ya 1970, na mwaka 1999 likaundiwa sura yenye mwonekano wa Kiafrika. Lakini sura ile ilikisiwa kwa umbo la mifupa tu. Mwaka 2018 vinasaba vya mifupa ya kale ya eneo hilohilo vilisomwa, na watu hao wakabainika kuwa ndugu wa wenyeji wa Amerika, wenye asili ya Asia.