Popo wa Pemba hakujigeuza

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba spishi mpya huzuka pale mnyama mmoja anapojigeuza, au mama anapozaa mtoto wa aina nyingine kabisa. Sivyo. Mtoto huwa wa spishi ya wazazi wake. Kinachobadilika ni kundi zima, polepole mno, kizazi baada ya kizazi.

Tazama popo wakubwa wa Kidike, kisiwani Pemba, wale wala matunda. Spishi yao ni ya Pemba tu duniani kote. Bara la Afrika hakuna popo wa jenasi yao, yaani kundi la spishi zilizo karibu kiukoo. Jamaa zao wako Komoro, Bukini (Madagaska) hadi Asia. Yaelekea wazee wao walivuka bahari, wakatengana na wenzao, na tofauti ndogo za kurithi zikalimbikizana huku kisiwani.

Mwaka 1942 mwanabiolojia Ernst Mayr alieleza spishi kuwa ni makundi yanayozaana yenyewe kwa yenyewe, yaliyotengana kiuzazi na mengine. Punda na farasi huzaa baghala, lakini baghala karibu daima ni tasa, kwa hiyo hao ni spishi mbili. Kipimo hiki, kizuri kama kilivyo, hakiwafai bakteria, ambao hujigawa tu, wala visukuku, yaani mabaki ya kale ya viumbe yaliyohifadhika maweni. Kwa bakteria wanabiolojia hulinganisha jeni. Kwa visukuku, maumbo.